Mwalimu Mwenye Ndevu wa Tikobu

Tikobu,
21 Septemba 2009

Kwa mpwa wangu Baindu Sannoh, mtoto wa dada yangu,

Habari za huko Gbalehun? Sisi huku tumeamka na hatuna la kumlaumu Mungu. Mama yako anakusalimu. Goti lake limetulia tangu alipoacha kulisimulia kwa kila mpita njia. Mbuzi wake mweupe amezaa mapacha, na mmoja amempa jina langu, kwa sababu, anasema, analia sana na hashibi. Nimemsamehe. Mtu aliyefika Abijani mara tatu hagombani na mbuzi.

Sasa tuje kwenye shughuli. Uliniambia hivi, maneno yako ninayo kichwani yote: "Mjomba, nishikie shule wiki moja tu. Nakwenda kuwauliza watu wa elimu kwa nini shule yetu haimo katika daftari lao, nipate namba ya kituo cha mtihani, nirudi." Nikasema, wiki moja ni nini kwa mtu aliyekaa siku kumi na moja mpakani Liberia akilinda lori la vitunguu. Leo ni wiki ya tatu, mpwa wangu. Na vile vitunguu havikuwa na maswali.

Silalamiki. Shule nimeishika sawasawa. Watoto mia moja thelathini na wanne, madarasa sita, vyumba viwili, kimoja hakina bati. Mwalimu mkuu alikwenda mjini Bo mwaka juzi kung'oa jino na hajarudi. Jino hilo lazima lina mizizi mirefu. Peke yako ulikuwa unaweza vipi? Mimi kwenye lori nilikuwa na dereva wa kumlaumu.

Darasa la sita wako kumi na mmoja na kila asubuhi wanauliza namba imefika. Nawaelewa. Bila namba hakuna mtihani wa kuingia sekondari, na bila mtihani wanarudi kukaa darasa lilelile. Mmoja wao amelirudia mara tatu. Kitabu chote anakijua kwa kichwa, pamoja na makosa ya mpiga chapa. Anayeuliza kuliko wote ni Yema, yule mjane wetu anayekausha samaki, aliyeamua kuanza kusoma akiwa mtu mzima. Bado sijazoea kumfundisha mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye mtoto wake mwenyewe yuko darasa la kwanza, amekaa hatua tatu nyuma yake na kumchungulia daftari.

"Mwalimu Lahai," akaniuliza juzi, "theluthi mbili ukijumlisha na robo unapata nini?"

"Unapata shida," nikamwambia, "ukizijumlisha kabla ya kula."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akaja mbele, akaitoa chaki mkononi mwangu, akafanya ubaoni. Nilimruhusu kwa sababu bega langu la kulia, lile la ajali ya Kenema, lilikuwa limeanza kuuma.

Njoo na hiyo namba. Alusine wa pikipiki atakupa barua hii pamoja na samaki wakavu. Walikuwa wanane. Ukikuta pungufu muulize yeye.

Mjomba wako,
Lahai Gbondo


Gbalehun,
6 Oktoba 2009

Mjomba mpendwa,

Salamu zako zimefika. Samaki wamefika watano. Alusine anasema barabara ilikuwa mbaya. Mimi ni mzima. Nimepanga chumba kwa Mama Boi, anayeoka mikate, kwa hiyo naamka na harufu nzuri na nalala na njaa. Mwambie mama asikande goti kwa maji ya moto sana.

Nikueleze kuhusu daftari. Daftari lao linasema shule ya Tikobu ilichomwa wakati wa vita na haijafunguliwa tena. Nikasema tuliijenga upya sisi wenyewe, kwa udongo wetu na bati zetu, miaka saba iliyopita, na wazazi wananilipa mpunga. Karani akasema, "Hiyo si shule, mama. Huo ni mkusanyiko."

Ili mkusanyiko uwe shule, ni lazima mkaguzi aje amkute mwalimu mwenye cheti yuko kazini. Nikamwambia mwalimu mwenye cheti ni mimi, na cheti hiki hapa. Akakitazama kwa muda. "Sasa kama mwalimu ni wewe," akasema, "mbona hupo kazini?"

Nikauliza, basi nirudi? Akasema, "Ukirudi, nani atafuatilia faili?"

Kwa hiyo nipo. Asubuhi nakaa kwenye benchi lao. Mchana nina shughuli zangu ndogondogo. Mkaguzi anaitwa Bwana Yillah, atakuja huko akipata mafuta ya gari. Akija, mwambie ukweli: mwalimu yuko Gbalehun kwa ajili ya shule hiyohiyo. Sema hilo tu, unyamaze. Nakujua, Mjomba.

Pole na bega. Nilidhani ajali ya Kenema ilikuwa ya mguu.

Mpwa wako,
Baindu


Tikobu,
25 Oktoba 2009

Mpwa wangu,

Tumeamka, hatuna la kumlaumu Mungu. Mama yako hajambo. Mbuzi mwenye jina langu amekula ukurasa wa mahudhurio wa mwezi wa tisa, kwa hiyo mwezi wa tisa walihudhuria wote.

Ajali ya Kenema ilikuwa ya mguu na bega. Lilikuwa lori kubwa.

Bwana Yillah amekuja. Tulia, nikupe mambo kwa mpango. Alikuja Alhamisi na kukuta shule tupu, hata kuku hayumo. Unajua mwezi huu ulivyo: mpunga umeanza kujaa, ndege wameshuka, na hakuna mzazi wa Tikobu atakayemwacha mtoto chini ya bati asome habari za theluji wakati mnana wanakula chakula cha mwaka mzima. Mwaka jana ulifunga wiki tano. Mimi nikajiuliza, kama watoto hawawezi kuja shuleni, shule ina ugonjwa gani isiende kwa watoto? Nikaihamishia mashambani. Kila dungu la kuwingia ndege nimelifanya darasa. Na kwa kuwa kuwinga ni lazima upige kelele, nikawaambia, wanangu, badala ya kupiga kelele za bure tupige za maana. Basi dungu la darasa la tano linauliza kwa sauti ya juu, "Saba mara nane?" Darasa la sita, ng'ambo ya bonde, linajibu, "Hamsini na sita." Ndege wanaruka. Ukikosea jibu wanaruka vilevile, lakini Yema ana kombeo na anakulenga wewe.

Mkaguzi akatutafuta kwa kufuata hesabu. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa vimekwisha kuonja bonde letu.

"Shule iko wapi?" akaniuliza.

"Umesimama ndani yake."

"Naona mpunga."

"Huo ni uzio."

Akafungua faili. "Na mwalimu aliyeandikwa hapa, Baindu Sannoh, yuko wapi?"

Mpwa wangu, ukweli nilikuwa nao mdomoni, umeshatafunwa, tayari kutoka. Lakini nikaona kalamu yake imesimama juu ya kisanduku cha HAYUPO, na imeanza kushuka. Mtu aliyepita vizuizi vya barabarani vya nchi nne anaijua kalamu inayoshuka. Nikasema, "Uko naye."

Akanitazama. "Baindu ni wewe?"

"Tangu nizaliwe."

Mtu wa kwetu angecheka mpaka aangukie tope. Baindu, jina la kike, na ndevu hizi. Lakini yule anatoka kaskazini, majina yetu kwake ni kama majina ya dawa, unameza tu. Akaandika. Akataka cheti.

"Mchwa," akasema Yema kutoka juu ya dungu.

"Mchwa gani?"

"Walewale waliokula daftari lenu, ndiyo maana shule yetu haimo."

Kuna mtoto mmoja aliulizwa jina la mwalimu wake. Akajibu, "Mwalimu." Nimempa kipande cha chaki kama zawadi. Nikatia saini jina lako pale nilipoonyeshwa, polepole, kwa heshima. Bwana Yillah akanipa mkono. Alisema hajapata kuona darasa lenye hewa safi kama lile.

Namba sasa ni yako, mpwa wangu. Nenda kaichukue. Na usinishukuru sana, nitavimba kichwa.

Lahai Gbondo,
aliyekuwa Baindu Sannoh kwa dakika arobaini


Gbalehun,
16 Novemba 2009

Mjomba,

Mimi ni mzima. Msalimie mama.

Ijumaa nilikwenda kuichukua namba. Karani amenisomea ripoti mbele ya watu wote wa benchi, naandika hapa kama alivyosoma: "Bw. Baindu Sannoh, mwanamume, umri wa kati, mwenye ndevu. Yuko kazini. Anafundisha kwa moyo. Shule inafaa kurudishwa kwenye daftari."

Nikasema, "Alhamdulillahi. Baindu Sannoh ni mimi."

Karani akavua miwani. "Mama, Baindu Sannoh ana ndevu."

"Kulikuwa na makosa."

"Mkaguzi amemwona kwa macho yake. Amempa mkono. Wewe nimekuona hapa kwenye benchi tangu Septemba, na mwalimu huyu siku zote hizo yuko kazini. Sasa nani kati yenu ana makosa?"

Nikatoa cheti. Mjomba, sikiliza vizuri hapa. Wamekichukua. Wamekifungia kwenye sanduku la chuma ili wamrudishie mwenyewe atakapokuja. Mwenyewe ni wewe. Mlinzi amenishika mkono mpaka getini, na kuniambia kwa upole kwamba hata dada yake aliwahi kujaribu kutumia cheti cha mtu.

Miaka mitatu ya chuo, Mjomba. Nililala na kile cheti chini ya mto.

Nilikuomba useme jambo moja na unyamaze. Ungekuwa karibu ningekuchapa rula mbele ya darasa la kwanza.

Baindu


Tikobu,
30 Novemba 2009

Mpwa wangu mpendwa,

Tumeamka. Mungu hana kosa. Safari hii nadhani kosa ni la mtu mwingine, na sitamtaja kwa sababu ninamheshimu.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama. Kisha nikaisoma nimekaa. Mama yako akauliza, "Anasemaje?" Nikamwambia unasema nimefaulu ukaguzi, jambo ambalo si uongo. Cheti chako nitakitoa katika sanduku hilo hata kama itabidi nilibebe sanduku lenyewe. Neno hilo amelitoa mtu aliyewahi kuikomboa gia boksi mikononi mwa askari wa Conakry kwa hadithi tu.

Mavuno yamekwisha, shule imerudi chini ya bati. Darasa la sita wanakwenda kwa kasi. Yema anawafundisha wenzake hesabu za sehemu kwa kutumia samaki: anakata samaki bonga theluthi, anakata robo, anaunganisha, mnaona wenyewe. Mimi nakaa dawati la nyuma nikisimamia. Mkubwa hafanyi kila kitu kwa mkono wake. Tena jicho la kushoto linanisumbua, ubao siuoni vizuri nikiwa karibu.

Nikueleze pia, kwa kuwa wewe ni mtoto wa dada yangu na lazima ujue: nimemwuliza Yema kama anaweza kufikiria jambo fulani kati yake na mimi. Alikuwa anapanga samaki. Hakuinua kichwa. "Nyoa hizo ndevu kwanza," akasema, "nione ninaongea na nani. Halafu uniulize baada ya mtihani. Sasa hivi nina shughuli."

Hivyo basi kila kitu changu, na cha Yema, na cha wale kumi, kinangoja namba.

Jambo moja dogo. Karatasi yako safari hii ni nzuri. Ina mistari ya buluu, na juu kuna picha ya tai ameshika kitabu. Sikujua kwamba ofisi ya elimu inawagawia karatasi nzuri hivi watu wa benchi. Na pembeni kuna alama za vidole vya chaki ya manjano. Sisi huku hata nyeupe tunaikata vipande vinne, ikiisha tunaandikia muhogo mkavu.

Sikuulizi kitu. Naisifu tu.

Mjomba wako,
Lahai


Gbalehun,
21 Desemba 2009

Mjomba,

Natumaini mmeamka salama. Mama Boi anakusalimu. Nimemsomea habari za gia boksi, anataka kujua mwisho wake.

Karatasi ilikuwa ya kuazima.

Shule yetu imeingia katika daftari. Kituo cha mtihani watatoa, lakini kwa mambo mawili. La kwanza, fomu itiwe saini hapa ofisini na Baindu Sannoh mwenyewe, yule wa ripoti, kabla ya tarehe 29 Januari. La pili, kituo hakifunguliwi kwa watahiniwa pungufu ya kumi na wawili. Sisi tuna kumi na mmoja. Nimewaomba. Nimewaambia wa kumi na mbili alihamia Bo na baba yake. Karani akasema kumi na mmoja si kumi na wawili, na hapo nikarudi kwenye benchi.

Nimechoka, Mjomba. Nimekaa juu ya lile benchi mpaka limenijua. Huku watu wananiita Mwalimu na wanamaanisha. Chumba kina madirisha. Watoto ni ishirini na wanane. Nasema tu, habari za mji.

Pengine tuwaache mwaka huu. Mwaka mmoja zaidi si kitu kwa watoto. Usije, barabara imekatika kwa lile daraja la magogo, na wewe una bega, una jicho.

Ila kama utakuja, usinyoe.

Baindu


Tikobu,
4 Januari 2010

Mpwa wangu,

Heri ya mwaka mpya. Mama yako amekuchinjia kuku, na kwa kuwa hukuwapo, nimelibeba jukumu hilo peke yangu.

Barua yako niliifungua mbele ya darasa la sita kwa sababu walinizunguka. Nikawasomea kwa sauti, na kabla sijajizuia nikafika pale penye "mwaka mmoja zaidi si kitu".

"Nani kasema hivyo?" Yema akauliza.

Nikageuza karatasi huku na huku. "Karani," nikamwambia.

"Mwambie Mwalimu Baindu," akasema, "amjibu huyo karani kwamba mimi nilianza darasa la kwanza nikiwa na mimba. Mwaka ninaujua ni nini."

Nimekufikishia, umjibu.

Jumatatu tarehe 11 napanda pikipiki ya Alusine mpaka darajani, mbele ya hapo nitaona. Ninakuja kuwa wewe. Ndevu nimeziacha, nazichana asubuhi na jioni, Yema akipita anageuza uso. Suala la wa kumi na mbili niachie mimi, nina mtu.

Jumatatu hiyohiyo ndiyo shule inafunguliwa. Ufunguo nimempa Yema. Lakini Yema ni mtahiniwa, hawezi kujisomesha mwenyewe na watoto mia moja na kitu. Naona watakaa tu uani na kutazamana mpaka nirudi, au mpaka mtu mwingine atokee. Nakuarifu. Sikuombi kitu. Hata kule Banjul nilipolala siku mbili chini ya lori kwa homa sikuomba maji, niliyatazama tu mpaka mtu akaona.

Kuhusu madirisha: sisi tuna upande mzima usio na ukuta.

Mjomba wako,
Lahai


Gbalehun,
19 Januari 2010

Kwa Mwalimu Baindu Sannoh, aliyeko Tikobu,

Natumaini barua itakukuta huko, maana hapa sikukukuta. Nilifika Jumanne jioni nikiwa tope mpaka kwenye masikio, nikabisha hodi, Mama Boi akafungua na kusema, "Ameondoka Jumamosi alfajiri kwa mtumbwi. Wewe ndiye wa gia boksi?" Basi tumepishana, mimi barabarani, wewe mtoni. Nalala kwenye chumba chako. Juu ya kitanda nilikuta gauni la kijani lenye picha ya tai yuleyule kifuani, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri, limeachwa. Mama Boi alitaka kunisimulia habari zake. Nikamwambia anipe mkate kwanza, na baada ya mkate nikalala. Kwa hiyo sijui kitu.

Ofisini nimekalia benchi lako siku tatu. Ulisema kweli, linamjua mtu. Siku ya nne wakaita, "Baindu Sannoh." Nikasimama. Karani akatazama ripoti, akatazama ndevu, ripoti, ndevu. Akatabasamu kama mtu aliyempata ndugu. "Mwalimu," akasema, "kuna mwanamke mmoja alikusumbua sana hapa."

"Nina habari naye," nikamwambia. "Ni mkali lakini ni mwalimu mzuri kuliko mimi."

Akafungua sanduku la chuma, akanikabidhi cheti chako kwa mikono miwili. Nimekishona ndani ya kofia, siivui hata msikitini.

Kisha akaomba orodha ya watahiniwa. Nikampa. Akapita majina kwa kidole, kumi, kumi na moja, akasimama.

"Huyu wa kumi na mbili. Lahai Gbondo. Umri, miaka arobaini na tisa?"

"Alichelewa kidogo kuanza."

"Anajua kusoma?"

"Anasoma vizuri tu, na kuandika anaandika, barua zake zinapendwa. Sehemu ndizo zinamsumbua."

"Utamudu kumfundisha, mtu mzima kama huyo?"

Hapo, mpwa wangu, nilizichana ndevu kwa vidole. Nikasema, "Mimi siwezi. Lakini kuna mtu shuleni kwetu anaweza."

Sasa umejua, na mimi nimesema, tusirudie. Watu wote wa Tikobu wanasimulia kwamba niliacha shule darasa la nne kwa sababu lori la kwanza lilipita kijijini na nikalifuata mpaka Kenema. Lori lilipita, ni kweli, na nililifuata. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza kesho yake darasani kulikuwa na nini. Kulikuwa na jaribio la sehemu. Nimezikimbia nchi nne nzima, nimekuja kuzikuta zinaningoja ubaoni kwenu, na samaki juu.

Namba ya kituo ni 4417. Waandikie ubaoni, tarakimu kubwa. Mimi bado nipo kwa sababu fomu inataka muhuri, na muhuri umesafiri na mwenye muhuri. Wanasema Jumatano ya wiki ijayo. Kuna jingine pia, sijui ulicheke au ulilie: kwa ile ripoti, jina la Baindu Sannoh limepelekwa Freetown aingizwe katika walimu wa serikali. Mwanamume. Karani anasema kumbadilisha mtu kuwa mwanamke kunachukua miaka miwili, na fomu zake zimekwisha.

Mjomba wako,
Lahai


Tikobu,
23 Januari 2010

Mjomba wangu mpendwa,

Tumeamka, hatuna la kumlaumu Mungu. Mama hajambo, ananiambia nimekonda na ananilisha kama anayeandaa sikukuu. Mbuzi mwenye jina lako amekula barua yako ukurasa wa pili, lakini nilikuwa nimekwisha kuisoma.

Namba iko ubaoni. Nilipoiandika hakuna aliyeshangilia. Walitoa madaftari, wakainakili, wote kumi na mmoja, kisha Yema akaenda nje kidogo, akarudi na uso umenawa. Akauliza wa kumi na mbili ni nani. Nilipomwambia, aligeuka akatazama nyuma ya darasa. "Ndiyo maana alikuwa anakaa dawati la nyuma," akasema. "Na mimi nilidhani ananitazama."

Nikamwambia nadhani ulikuwa unafanya yote mawili.

Kuhusu gauni hujaniuliza, nami sijakujibu. Tubaki hivyo.

Kuhusu Freetown, tutaona. Wakija kuhakiki, utakuja usimame na ndevu zako kwa niaba yangu, kila mwaka ikibidi, mpaka fomu zipatikane. Mpaka wakati huo wazazi wameahidi mpunga, na darasa la tano wanasema watanijengea ukuta ule wa upande wa mto. Nimewaambia wasiharakishe. Upande ule una hewa.

Lakini siku ya mtihani Mwalimu mwenye ndevu atakuwa mgonjwa, nami nitasimama mahali pake, kwa sababu mtahiniwa namba kumi na mbili hawezi kuingia chumba cha mtihani akiwa na uso wa mwalimu wake. Yema amekwisha kununua wembe. Ameuweka juu ya jiko la samaki na hataki mtu auguse.

Alusine anaondoka na barua hii kesho. Ukipata huo muhuri Jumatano, usipitie Kenema, usipitie kwa mtu yeyote mwenye lori. Tumefika kwenye kuzidisha sehemu kwa sehemu, na kuna mwanafunzi mmoja amekosa wiki mbili nzima. Nimemwandika mtoro katika daftari la mahudhurio. Mwambie, ukimwona, kwamba dawati lake limehamishiwa mbele, na mwalimu wake amerudi, anamsubiri.

Baindu